Waliniambia Kizazi Changu Kina Njaa ya Madini

Nywele zangu sasa zimefika mahali zinashika kitana. Kucha zimeota upya, isipokuwa ya dole gumba la mkono wa kushoto ambayo bado imepinda kama ganda la konokono. Nalala vizuri, nakula vizuri, na bado nina hasira. Nasema mapema ili usije ukadhani unasoma maneno ya mtu aliyekwisha kusamehe. Naandika kwa ajili ya dada yangu yeyote anayetafuta mtoto, ambaye sasa hivi ana chupa za vidonge vya madini kabatini, na ambaye hakuna mtu aliyemuuliza kuhusu chupa hizo.

Naitwa Zabibu. Nimezaliwa Ujiji, na kazi yangu ni dagaa. Boti zikirudi asubuhi niko mwaloni Kibirizi, nanunua wabichi, naanika juu ya vichanja, wakikauka nawauzia wafanyabiashara wanaosafirisha bara. Mume wangu, Rajabu, ni fundi wa injini za boti hapohapo mwaloni. Mwaka wa pili wa ndoa yetu nilipata mimba ikatoka ikiwa changa. Hospitalini daktari alinipa pole, akaniambia nipumzike miezi michache, akaniandikia vidonge vya foliki asidi, akasema mkiwa tayari jaribuni tena. Ulikuwa ushauri mfupi, tena wa bure. Katika yote niliyoambiwa mwaka ule, ndio pekee uliokuwa wa kweli.

Lakini ushauri mfupi haumtoshi mtu anayesubiri mjukuu. Mama mkwe wangu anaishi Mwandiga, analima muhogo na ana michikichi yake. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa.

"Vipi huko, kuna habari?"

"Habari ni nzuri, mama."

"Sikuuliza kama ni nzuri. Nauliza kama ipo."

Masika ilipokaribia kwisha alikuja mwenyewe, amejifunga khanga mbili, akasema kuna daktari mgeni amefungua semina Mwanga, pale mjini, ana mashine inayopima mwili mzima bila kutoa hata tone la damu. Jirani yake wa Mwandiga amepimwa, sasa anatembea bila fimbo. Nikaoga, nikavaa, tukaenda.

Kilikuwa chumba cha juu cha nyumba ya biashara, viti vya plastiki vimepangwa, ukutani mabango ya wazungu wanaotabasamu. Tulikuwa wanawake tupu. Huyo "daktari" alikuwa mama wa makamo, suti ya bluu, sauti tamu, kila mtu kwake ni "mpendwa". Walimwita Dokta Getruda. Baadaye nilikuja kujua kwamba hajawahi kusomea udaktari hata siku moja, ila siku ile nilimwamkia kwa heshima zote. Akanipa kijiti cha chuma nikishike kiganjani. Kijiti kimeunganishwa kwa waya na kompyuta ndogo. Rangi zikapanda zikashuka kwenye kioo, kijani, njano, nyekundu, kisha akageuza kioo nikione.

"Mpendwa, unaona nyekundu hii? Hiki ni kizazi chako. Kina njaa ya madini. Zinki hamna, seleniamu hamna, magnesi iko chini kabisa. Mtoto atakaa wapi? Unaweza kupanda mbegu kwenye jiwe?"

Chumba kizima kikaguna. Mama mkwe akajishika kiuno. "Nilijua," akasema. "Nilijua iko sababu."

Nikauliza kama dawa hizo zinaruhusiwa kwa mtu anayetaka kubeba mimba. Naomba ulikumbuke swali hilo, kwa maana baadaye watu wengi walinifanya nionekane mjinga asiyeuliza. Niliuliza, mbele ya watu. Naye akacheka kwa huruma.

"Hizi siyo dawa, mpendwa. Ni chakula. Madini yako kwenye ardhi, Mungu ndiye aliyeyaweka. Kitu cha asili hakina madhara."

Nikatoka na mfuko. Chupa ya vidonge vyeupe vya "uzazi", chupa ya vidonge vya kahawia vya "kinga", na matone ya kutia kwenye maji asubuhi na jioni. Akaniambia niache vile vya hospitali kwa sababu vya hospitali vina kemikali.

Kilichotangulia kubadilika ni ladha. Kila nilichoweka mdomoni kilikuwa kama nimelamba sufuria. Ugali wa muhogo, samaki wetu wa migebuka kwa mawese ambao nawapenda kuliko chochote, hata maji ya kunywa. Kisha pumzi. Rajabu alikuwa ameketi karibu yangu tunakunywa chai, akageuza uso.

"Umekula vitunguu saumu?"

"Sijala."

"Zabibu, unanuka vitunguu saumu."

Nikapiga mswaki. Nikatafuna karafuu. Nikaacha kula viungo vyote. Harufu ikabaki, inatoka ndani kama moshi wa jiko lililofunikwa. Mume wangu ni mtu mwema, hakulalamika tena. Lakini akaanza kulala ameelekea ukutani, na mtu anayetafuta mtoto na mume aliyeelekea ukutani, nani atamweleza nani?

Nikampigia Dokta Getruda. Nilimweleza ladha, harufu, tumbo linalochafuka kila asubuhi. Alifurahi. Nasema alifurahi!

"Hongera, mpendwa! Hiyo ni sumu inatoka. Mwili unajisafisha. Wengi wanaacha hapohapo wanapokaribia mpenyo. Wewe ongeza. Asubuhi mbili, jioni mbili."

Nikaongeza.

Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, mwalo ukawa kimya, nami nikawa sina dagaa wa kuanika isipokuwa akiba. Ndipo nywele zilipoanza. Nilikuwa nafumua mabutu yangu mlangoni, na butu moja likabaki mkononi, zima, na mizizi yake. Halikuuma. Nililiangalia kama kitu cha mtu mwingine. Ndani ya majuma machache nikawa na viraka kichwani, halafu viraka vikakutana. Mama yangu mzazi alinipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kila jioni, ananipaka huku anasoma dua, na viganja vyake vikitoka kichwani vinatoka na nywele. Alikuwa anazifuta kwenye doti yake haraka nisizione. Niliziona.

Kucha zikafuata. Zilianza na mistari myeupe, kisha zikapasuka, kisha zikaachia nyama. Ukifanya kazi ya dagaa, mikono yako iko kwenye chumvi na miba tangu alfajiri. Sitaeleza maumivu hayo. Nilifunga vidole kwa vitambaa nikawa nageuza dagaa kwa kijiko, na wenzangu wa vichanjani wakaacha kunikaribisha chai. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanasema nikishapita. Mwanamke aliyekonda, asiye na nywele, anayenuka, mimba iliyotoka, na mume fundi anayesafiri mpaka Kagunga kutengeneza injini: walijumlisha wenyewe.

Sasa nieleze mabenchi, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ina makazi.

Benchi la kwanza lilikuwa la zahanati. Nilipimwa malaria. Hakuna. Nikapimwa taifodi, nikaambiwa ipo kidogo, nikapewa dawa. Benchi la pili, kituo cha afya, nikapimwa mkojo, nikapewa dawa nyingine. Benchi la tatu nikapelekwa chumba cha ushauri nasaha kupima virusi, na nilipotoka na majibu kwamba sina, mhudumu akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu "kuhakikisha", akiangalia kichwa changu. Benchi la nne kijana mmoja aliyevaa koti jeupe hakuinua macho. "Nyie kina mama na hizo dawa za nywele na mawigi," akasema, akaandika. Sijawahi kuvaa wigi maishani mwangu. Nilipomwambia, alikuwa amekwisha kuita jina la anayefuata.

Kwenye mabenchi yote hayo nilikaa saa nyingi nikitazama migongo ya watu. Walinitoa damu, mkojo, mate. Waliniuliza tarehe ya hedhi, idadi ya wapenzi, kama nimerogwa, kama nagombana na mume. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza: mama, unameza nini?

Huruma ndogondogo zilikuwepo, sitazikana. Mama mmoja wa Kiha, simjui hata jina, alinikuta nimeinama benchini, akaniamkia, "Mwakeye," akaniwekea nusu ya chapati yake kwenye khanga yangu bila kusubiri jibu. Na Rajabu, siku niliyonyoa mabaki ya nywele, alienda kwa kinyozi akarudi amenyoa upara. "Tufanane," akasema. Niligombana naye siku hiyohiyo, nikamwambia zako zitaota. Lakini nilishukuru.

Mama mkwe alikuja ziwa likiwa bado limefungwa. Alinikuta nimelala. Hakuja na muhogo wala mawese, alikuja na hoja. Alizungumza na mwanawe uani akidhani sisikii, au akitaka nisikie.

"Rajabu, mwana wanje, mimi nimezeeka. Dini inakuruhusu. Yuko binti pale Mwandiga, mcha Mungu, mzima wa afya. Huyu umtunze, sikatai, lakini usife bila jina."

Nilisikia spana ikiwekwa chini.

"Mama, huyu anaumwa. Hata hatujui anaumwa nini."

"Ndiyo hicho ninachokuambia."

Nilikaa kitandani nikamsubiri mume wangu aseme neno, na neno halikuja. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa amemnyoshea mama yake kidole kuelekea geti. Mimi kidole sikukiona. Nilichokisikia ni ukimya, na ule ukimya uliniuma kuliko kucha.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda hospitali kubwa peke yangu. Hedhi ilikuwa imechelewa. Niliogopa kufurahi. Benchi la pale ni refu, linapinda kona, nami nilikuwa upande usioona mlango. Nilipoingia nilimkuta daktari mwanamke, aliyehamia kutoka Iringa, anayezungumza polepole. Alishika mikono yangu akaipindua, akatazama kucha moja moja. Akaniomba nivue mtandio. Kisha akasogea karibu na uso wangu, karibu kabisa, pale ambapo watu wote walikuwa wanakimbia, akavuta pumzi.

"Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa, daktari."

Sikudanganya. Nilikuwa nimeambiwa si dawa, ni chakula.

Angeweza kuandika hapohapo na kuita anayefuata. Akaweka kalamu chini.

"Nikuulize vingine. Kuna kitu chochote unachomeza au kunywa ambacho hukipiki jikoni? Majani, unga, matone, vidonge vya lishe, vya nguvu, vya uzazi?"

Nikasema ndiyo, vipo vya madini, ili nipate mtoto. Akafumba macho kidogo. Akanituma nikavilete. Nikachukua bodaboda mpaka nyumbani nikarudi na mfuko wote, naye akazipanga chupa mezani, akazisoma nyuma, kwenye yale maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Zote tatu zilikuwa na madini ya aina moja ndani yake, hiyo seleniamu. Nilikuwa nakunywa kitu kilekile mara tatu kwa majina matatu, kisha nikaambiwa nizidishe. Na kwenye matone kiasi hakikuandikwa kabisa.

"Mwili unayahitaji haya, lakini kidogo mno," alisema. "Na samaki unaokula hapa ziwani tayari wanakupa. Ukizidisha ni sumu. Nywele, kucha, harufu hii, ni hayo."

Nikamuuliza swali lililonileta. "Na kama nina mimba?"

Hakunidanganya kwa maneno matamu. Alisema tupime kwanza. Nikaketi kwenye benchi la maabara. Sijui nilikaa kwa muda gani. Najua tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwomba Mungu nisiwe na mimba, na kwamba nilipoitwa na kuambiwa haipo, nililia. Nilimlilia mtoto ambaye hayupo kwa sababu nimefurahi kwamba hayupo. Kati ya vyote alivyonifanyia yule mwanamke wa suti ya bluu, hicho ndicho kilichobaki kama mwiba. Nywele zilirudi. Dua ile siwezi kuirudisha.

Hakukuwa na sindano ya kuondoa sumu. Tiba yangu ilikuwa kuacha na kusubiri. Niache chupa zote, nisibebe mimba mpaka atakaponiruhusu, nirudi kila mwezi anione. Foliki asidi aliniambia tutaianza tena pamoja, kwa kiasi atakachoandika yeye, kwa sababu hiyo inahitajika kabla mimba haijaingia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Na mume amepimwa?"

Nikamtazama. Kijiti cha chuma nilikishika mimi. Sindano zote nilichomwa mimi. Rajabu alikuja juma lile, akapimwa. Majibu yake ni yake, sitayaandika hapa, ila alitibiwa, na matibabu yalikuwa ya kawaida kabisa.

Nilirudi Mwanga. Rajabu alitaka kunisindikiza nikamkatalia. Chumba cha juu kilikuwa kimejaa, viti vilevile, wazungu walewale ukutani. Dokta Getruda alikuwa amemshikisha kijiti msichana mmoja mwenye hina ya bi harusi mikononi, bado mbichi. Nikapita katikati nikaweka mfuko mezani kwake, nikavua mtandio.

"Mpendwa, karibu," akasema.

"Waambie nilikunywa nini. Waambie nilipokupigia nikakueleza harufu na tumbo, uliniambia nini."

"Jamani, huyu alizidisha dozi, ndiyo maana..."

"Nani aliniambia nizidishe?"

Yule bi harusi aliweka kijiti chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Wanawake wawili wakasimama. Wengine walibaki wameketi, na mmoja akaniambia nina wivu, ninataka kuwaharibia wenzangu. Sina hadithi tamu. Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi moja, afisa akaniambia hivyo ni virutubisho, siyo dawa, havimhusu yeye. Ofisi ya pili wakataka risiti. Nilipopata mtu wa kunisikiliza, chumba kile kilikuwa kimefungwa na bango la kupangisha limebandikwa mlangoni. Nasikia yuko mkoa mwingine. Nasikia anafanya vizuri.

Mvua za kwanza ziliposhuka, harufu iliondoka. Rajabu ndiye aliyeniambia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuizoea. Kichwani kukawa na vumbi jeusi, laini kama la kifaranga. Wakati wa kupanda mahindi nilikuwa nageuza dagaa kwa vidole vyangu. Daktari aliniruhusu kiangazi kilichofuata. Sasa ninapoandika nina mimba ya miezi mitano, na sitakudanganya, ninaogopa kila siku. Naiogopa hata chai ya tangawizi. Kuna furaha ambayo wanawake wengine wanayo kwenye miezi hii nami nimeibiwa yangu. Mtoto anacheza. Hilo linanitosha kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha naanza upya.

Mama mkwe hakuja kwa muda mrefu. Alikuja mwezi uliopita, bila kupiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa mkekani, akakataa chai. Aliponyosha mikono kupokea maji niliona kucha zake. Mistari myeupe.

"Mama," nikasema. "Tangu lini?"

"Magoti," akasema. "Nilirudi kwa yule Dokta kwa ajili ya magoti. Na alipoondoka kuna binti muuzaji anatuletea chupa Mwandiga mpaka mlangoni." Akatazama chini. "Nilipoona nywele zako zinaanguka nilisema ni lako hilo, ni la kwako peke yako. Nikaendelea kunywa."

Nilikuwa nimejiapiza kwamba mwanamke huyu sitamsindikiza hata msalani. Nikachukua mtandio wangu. "Inuka, mama. Twende."

Benchi lile refu lilikuwa limejaa. Kina mama wa kliniki, mabinti, wazee wachache. Mama mkwe akaketi, akatazama huku na huku, akavumilia kidogo tu, kwa maana si mtu wa kuvumilia. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Nyie watoto," akasema kwa sauti ya shambani. "Nina swali, na msione haya, mimi ni mzee. Nani hapa ana chupa za madini? Za uzazi, za magoti, za kinga, vyovyote walivyowaambia."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akageuka. Watu wakatazama sakafu, na mimi nikataka kumvuta khanga aketi.

Kisha mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa kuliko langu, aliyekuwa pale mwisho kwenye kona, akafungua zipu ya mkoba wake. Na aliyekaa kando yake akafungua wa kwake.